Darasa la Kifaransa la Madam Mkongo pale Sanawari, kwa sisi tunaopeleka wageni porini

Watu mmekuwa mkiniuliza Kifaransa nimesomea wapi, na wengine mkisikia mwalimu ni Mkongo mnanyamaza kidogo afu mnasema "aah", sasa naandika kirefu mara moja ili kila mtu asome aamue mwenyewe. Darasa lipo Arusha, Sanawari, unashuka pale kwenye taa unapandisha kidogo, ghorofa ya kwanza juu ya steshenari, chini kuna fundi cherehani na vijana wa toyo, bodaboda, wamepaki mlangoni muda wote, ukiuliza kwa Madam wa Kifaransa utaonyeshwa. Kituo chenyewe ni cha Mtanzania na Madam ameajiriwa pale, nalisema mapema mana huko mbele nitalirudia.

Kwa ambao hamfanyi kazi ya safari, hii lugha kwetu ni ugali. Waongozaji wa Kiingereza hapa Chuga, yaani Arusha, tumejaa mpaka tunagombania gari, ila ikifika mwezi wa saba kampuni inatafuta mtu wa Kifaransa kwa tochi na ikimpata inamlipa vizuri zaidi kwa siku, na Wafaransa miaka hii wamekuwa kwenye mataifa yanayoleta wageni wengi Tanzania, ongeza Wabelgiji, Waswisi wa upande wa Geneva na Wakanada wa Quebec. Na Kifaransa hapa mjini si mgeni kabisa, wakubwa mnakumbuka ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale AICC, jengo la mikutano, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, kazi zilikuwa zinakwenda kwa Kiingereza na Kifaransa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu bado ipo hapa hapa na Kifaransa ni moja ya lugha zake. Kwaiyo walimu wa Kifaransa Arusha wapo. Shida ni kwamba wengi wanakufundisha kama unaenda kufanya mtihani wa shule, unakariri vitenzi, unatoka na daftari limejaa afu mgeni wa kwanza akikuuliza pale Manyara kwanini nyani wamekaa barabarani unabaki unatabasamu.

Madam anafundisha kwa mtindo ambao sijauona kwingine. Anapanga viti viwili viwili nyuma ya kimoja kama Land Cruiser, wewe unakaa mbele unaangalia ubao na wenzako wote wako nyuma yako, ndo wageni. Simu inapiga mlio wa injini kwa spika ndogo, sauti kubwa kweli. Afu wanaanza kukuuliza maswali kwa Kifaransa kutoka nyuma, haraka haraka, wengine wawili kwa pamoja, na hauruhusiwi kugeuza shingo mana dereva anaangalia njia. Unajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha mwisho. Mara ya kwanza mtu anatoka jasho. Yaani unagundua kwamba muda wote ulikuwa unaelewa Kifaransa kwa kuangalia midomo na mikono ya anayeongea, ukinyimwa sura yake huna kitu. Na ndo kazi yetu ilivyo, mgeni yuko nyuma, paa limefunguliwa, upepo unapiga, redio inakoroma.

Na redio nayo ipo! Msaidizi wake anakaa kwenye kona anakuwa dereva mwenzako, katikati ya swali la mgeni anarusha kwa Kiswahili kwamba chui yuko juu ya mti upande wa mto Seronera, wewe umsikie, uendelee kumjibu mgeni wa nyuma bila kukata, afu utoe taarifa kwa Kifaransa kwa utulivu na bila kuahidi. Hapo kwenye kuahidi Madam ni mkali kweli kweli. Ukisema "on va voir un léopard", tutamwona chui, anasimamisha gari lote, anataka useme on va essayer, tutajaribu, mana chui akishuka mtini kabla hamjafika mgeni anahesabu umemdanganya, na mwisho wa safari utaiona kwenye bahasha ya tipu.

Duma na chui ndo anavikazia zaidi, guépard na léopard, kwasababu sikio la mtu anayeanza linayasikia karibu sawa na ukichanganya mbele ya mgeni ambaye amesoma vitabu vitatu kabla ya kuja, basi ameshakupima. Kwaiyo haishii kwenye jina, lazima uelezee: duma ana mistari myeusi inashuka kutoka jichoni mpaka mdomoni na madoa yake yamejaa, chui madoa yake yamejikusanya kama mauaridi na hana ile mistari. Unasema yote hayo kwa Kifaransa huku injini inanguruma. Nyumbu, ngiri, fisi, mbuni, wote wanapita humo, na kila mmoja na jinsia yake ya kisarufi, la girafe, le zèbre, la hyène. Watu wanalalamika Kifaransa kina jinsia mbili zinawachanganya, Madam anawaambia nyie mnabeba ngeli zote hizo tangu mko watoto, mti miti, kitu vitu, jiwe mawe, na hamkosei, mtashindwaje mbili. Na anakufundisha jina na kiambata chake, le au la, kwa pamoja tangu siku ya kwanza, usijifunze neno peke yake hata mara moja.

Kingine ni salamu. Bonjour kabla ya neno lolote, hata kama unamwambia mgeni kuna nyoka. Anasema Mfaransa ukimwanza na habari bila bonjour anakuona hukulelewa, na sisi huku hilo tunalielewa haraka mana hakuna mtu wa kwetu anamfuata mzee barabarani anaanza na shida zake bila shikamoo. Na vous, lile "wewe" la heshima, mpaka mgeni mwenyewe akwambie vinginevyo.

Sasa niseme habari ya Madam mwenyewe mana ndo sababu hasa naandika hiki kitu, na amesharidhia niiseme bila jina lake.

Kwao ni Bukavu, Kivu Kusini. Alisomea ualimu kule kule ISP Bukavu, chuo cha ualimu, akafundisha sekondari, afu hali ya usalama ikawafikisha mahali wakaamua kutoka. Alipita Uvira, akavuka ziwa hadi Kigoma, akafika Arusha kwa dada yake anayeuza vitenge. Na hapo ndo mwalimu mwenye shahada akawa anakunja vitenge sokoni na kuvikunjua, siku nzima, kwa muda mrefu, mana kuwa mwalimu kwenu na kuwa mwalimu kwenye nchi ya watu ni vitu viwili tofauti.

Vyeti vyake vyote vilikuwa vya Kifaransa. Vikatafsiriwe, kile cha sekondari kiende NECTA, Baraza la Mitihani, wakilinganishe na mfumo wetu, shahada iende TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe. Kila karatasi inasubiri karatasi nyingine, na nyingine ilibidi ifuatwe Bukavu na ndugu mtu, wakati huo barabara za kule zenyewe unazijua. Afu kibali. Hapa wengi wanachanganya, wanaona Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 wanadhani basi Mkongo akishuka boti anaingia kazini, hapana, sheria ya ajira za wageni ya 2015 inataka mwajiri amuombee kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, afu Uhamiaji wanatoa kibali cha ukaazi, na mwajiri lazima aonyeshe ametafuta Mtanzania wa kazi hiyo akakosa. Walimu wa sayansi na hesabu wana kibali cha daraja B pamoja na madaktari na watu wa mafuta na gesi, mwalimu wa lugha anaangukia C. Kwaiyo lazima apatikane mtu wa kukuajiri ambaye yuko tayari kuhangaika na wewe kabla hujamuingizia hata mia, na kwa Madam ndo huyo Mtanzania mwenye kituo.

Kuna shule moja ilimtaka mapema, wakamwambia aanze tu kufundisha, kibali kitamkuta kazini. Alikataa. Ndugu zake walimuona hana akili, njaa ipo na kazi imekuja anaikataa, ila yeye alikuwa amefikiria mbali: akikamatwa anafundisha bila kibali anarudishwa kwao na ndoto imeishia hapo. Akarudi kwenye vitenge. Mi nikifikiria hicho kitu namheshimu sana huyu mama, mana najua watu wengi wa kwetu tuna vyeti vyote na tumezaliwa hapa na bado subira kama hiyo hatuna.

Kipindi hicho anasubiri ndo alikijenga upya Kiswahili chake. Watu wanafikiri Mkongo wa Kivu akija Tanzania anatereza tu, kumbe Kiswahili cha Bukavu kina njia zake, wateja sokoni walikuwa wanamcheka waziwazi, wengine wanamuiga mbele yake. Akawa anakaa na watoto wa dada yake jioni anasoma vitabu vyao vya shule ya msingi, anaanza darasa la tatu anapanda, anafanya mazoezi yote kama mwanafunzi, na redio inawashwa tangu asubuhi. Alikuwa anajua kwamba hawezi kumfundisha Mtanzania Kifaransa kama hawezi kumuelezea kwa Kiswahili ambacho Mtanzania anakisikia vizuri. Na matokeo yake unayaona darasani: anajua hasa mtu mzima anajisikiaje akifungua mdomo kwenye lugha ngeni mbele ya watu. Kwenye darasa lake ukimcheka mwenzako swali linalofuata ni lako, umesimama, na hakusaidii neno. Tuna wazee mle, madereva walioanza kazi kabla sijazaliwa, na wanaongea bila aibu. Hicho kitu pesa hainunui.

Kwaiyo mtu akiniambia "Kifaransa cha Kikongo hicho, katafute mzungu", inaniuma kweli na siwezi kuinyamazia. Kongo ni moja ya nchi zenye watu wengi zaidi duniani wanaotumia Kifaransa, shule kuanzia sekondari inasomwa kwa lugha hiyo, mitihani yao, mahakama zao, magazeti yao. Matamshi yana ladha yake kama ambavyo Mfaransa wa Marseille hasikiki kama wa Paris. Mbelgiji na Mkongo wanahesabu sabini na tisini kwa njia fupi, septante, nonante, Mfaransa anahesabu kwa ile njia ndefu, na Madam anakufundisha zote mbili na anakwambia nani utamkuta na ipi, sasa hiyo ni hasara au faida? Nimepeleka familia ya Lyon Tarangire na Ngorongoro nikiwa na Kifaransa cha Madam peke yake, mama yao akaniuliza nimeishi Ufaransa miaka mingapi. Na mzungu kuwa na lugha ya kuzaliwa hakumfanyi mwalimu, vinginevyo sisi sote tungekuwa tunafundisha Kiswahili vyuo vikuu.

Nije kwenye yule msaidizi. Ni binti wa hapa hapa, wa Tengeru, alisoma Kifaransa sekondari na chuo lakini alikuwa hajawahi kusimama darasani. Sheria ile ile inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi, na nimeona sehemu ambazo huo mpango ni jina la mtu kwenye karatasi, mrithi mwenyewe anatumwa chai. Pale ni tofauti. Jumamosi binti ndo anafundisha wanaoanza, Madam anakaa kiti cha nyuma na daftari, hasemi kitu hata binti akikosea, wanafunzi wakishatoka wanabaki wawili mpaka jua linazama wanapitia moja moja. Nilibaki siku moja nasubiri mvua ikatike nikawasikia, alikuwa anamuonyesha namna ya kumsahihisha mtu bila kumkata sentensi, unamrudishia neno sahihi ndani ya jibu lako na unaendelea. Walirudia wee mpaka likakaa. Mwalimu anayemtengeneza mwalimu mwenzie ambaye kesho anaweza kuchukua nafasi yake, na anafanya kwa moyo wote. Mana kibali chenyewe kinatoka miaka miwili, kinahuishwa, na kwa jumla kina kikomo. Yeye analijua hilo kuliko sisi. Natamani sana ipatikane njia ya watu kama hawa kubaki, nasema wazi.

Mapungufu sasa, yapo. Chumba ni kidogo, na masika ndo balaa, mana kempu nyingi zinafunga mwezi wa nne na wa tano, waongozaji wote tuko mjini, kila mtu anakumbuka kusoma kwa wakati mmoja. Utakuta watu wamekaa mpaka kwenye ngazi na zoezi la gari linakufikia mara moja tu kwa kipindi kizima. Wangegawa makundi mawili na nimewaambia. Toyo chini wanapiga honi hawana huruma, umeme ukikatika hamna jenereta mnahamia dirishani. Fotokopi unalipia pembeni na hawakwambii unapojiandikisha, hilo lirekebishwe, mtu apewe bei yote siku ya kwanza. Ada ya jioni siku tatu kwa wiki ni 150,000 kwa mwezi, ya masika asubuhi kila siku ni 250,000. Kwa msimu huo mtu hana mshahara inauma, ila wanapokea kwa vipande viwili ukiomba kwa adabu.

Pia kuandika ni kudogo. Mkazo wote uko kwenye mdomo na sikio, na kama unataka cheti cha DELF, ule mtihani rasmi wa Kifaransa wa Ufaransa, itabidi ujiongeze. Ule mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25, unatakiwa upate 50 kwenye 100 na usiwe chini ya 5 sehemu yoyote, kwaiyo mtu wa porini mwenye mdomo mzuri ila hajawahi kuandika barua anaweza kuangushwa na sehemu moja. Madam mwenyewe anakwambia ukweli huu bila kuficha, hatoi vyeti vya kuchapisha ukutani, anakwambia fanya DELF mana inatambulika popote na haiishi muda, na ukiwa tayari kwa ngazi ya A2 au B1 anakuelekeza Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, ukaulize taratibu, afu miezi ya mwisho anakupa kazi za kuandika kupitia WhatsApp na anazisahihisha usiku kwa voisi ndefu, maneno yote kwa Kifaransa, unasikiliza mara tatu ndo unaelewa umekosea wapi, ambayo nayo ni somo.

Porini penyewe Madam si mwenyeji, anajua majina ya wanyama wote ila habari za nyumbu wanazaa Ndutu lini na wanavuka mto Mara lini amezipata kwetu. Hilo silihesabu kama kasoro. Ana daftari lake la jalada gumu, mzee mmoja wa mle akianza kueleza anaandika, anauliza tena, wiki inayofuata unakuta imekuwa zoezi. Kuna wakati nusu ya kipindi mwalimu ni dereva mstaafu wa Karatu na Madam ndo anauliza maswali.

Ambao sishauri waende: kama una safari wiki ijayo na unataka sentensi za kukuokoa, pale si mahali pako, hakufundishi kukariri. Watoto wa shule wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne wana darasa lao mchana, mwulizeni binti. Sisi wengine, kundi jipya la jioni linaanza kila mwanzo wa mwezi, nenda siku mbili tatu kabla, saa kumi hivi kabla vipindi havijaanza, mana watakukalisha wakuongeleshe kidogo wajue wakuweke wapi. Beba daftari la maana na kalamu mbili. Ukifika mlangoni anza na bonjour.